Mwaka wa Sukari Isiyo na Jina

Wasagara hawana adabu hata wakipiga simu ya msiba. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda uani kwangu, Morogoro, nachambua mchele, simu ikaita, na sauti ya mwanamke ikaniuliza bila hodi wala salamu: "We mzigo, bado u hai tu? Baba amekufa. Njoo Mikumi ututukane." Alikuwa Tabu, binti mkubwa wa Mzee Chilewa, mtu mzima mwenye wajukuu zake. Nikamjibu inavyopasa, kwamba kama baba yake amekufa basi ni kwa ulafi, na kwamba mimi nakuja kula, kulia wakalie wao. Tukacheka, yeye kule na mimi huku, kisha nikamsikia anapenga kamasi. Nilipokata simu niliendelea kuchambua, na baada ya muda nikaona kuwa ninachotupa ni mchele na ninachobakiza ungoni ni mawe. Nikauweka ungo chini.

Kwa asiyejua: sisi ni Wanyamwezi tulioletwa Kilosa na reli, na Wasagara ni watani wetu tangu zama za wapagazi, wazee wetu walipopita katika nchi yao na mizigo kichwani. Ndiyo maana wanatuita mizigo. Mtani ataingia kwako ale chakula chako, aondoke na jogoo wako, akutukane mbele ya wakwe zako, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Msibani ndiko kwenye kazi yake hasa: huiga kikohozi cha marehemu, hukaa kwenye ukingo wa kaburi akazuia watu wasifukie mpaka apewe chochote. Vijana wa siku hizi wanaona ni upuuzi. Mimi nasema hawajafiwa vya kutosha. Lakini utani huohuo ndio uliotuvunja moyo mama yangu na mimi mwaka niliokuwa kidato cha nne, na tangu simu ya Tabu nimekuwa nikiishi ndani ya mwaka ule kuliko ndani ya huu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Maduka ya Kilosa yaliyokuwa yanauza viberiti na vumbi yalianza kujaa sabuni za rangi, redio, na nguo za mitumba zilizonukia dawa. Mama alikuwa na kibanda cha chai nyuma ya stesheni, mabati matatu na mabenchi mawili, na alikuwa akisema ruksa imemletea wateja wenye viatu. Lakini ruksa hiyohiyo ilikuja na maneno mengine, kupunguzwa, kufungwa, kubinafsishwa, na shamba la katani alikofanya kazi kaka yangu Shabani likapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Shabani alikuwa fundi mzuri wa mashine za kusindika katani na mtu mwenye kiburi cha kimyakimya. Alikaa nyumbani majuma machache akiwa anakunywa chai ya mama bila kumtazama usoni, kisha asubuhi moja akapanda treni ya tawi, ile inayotoka Kilosa kupitia Mikumi kwenda Kidatu, akaenda kukata miwa Ruhembe. Alisema hatarudi mpaka awe amesimama. Mama alimwambia kusimama si lazima kufanyikie mbali, lakini treni ilishapiga honi. Kitanda chake kilibaki sebuleni. Mama alikuwa akikitandika kila Ijumaa, na hakuna mgeni aliyeruhusiwa kukikalia.

Mzee Chilewa alikuwa gadi wa treni ile ya tawi. Kwao Lumuma, lakini alikuwa na chumba katika kota za reli Mikumi, na kila treni ilipofika Kilosa alishuka na bendera zake mbili kwapani, ya kijani na nyekundu, akaja moja kwa moja kwa mama. Hakuwahi kumsalimu. Alikuwa akiinama mlangoni, maana alikuwa mrefu, halafu anauliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Hivi huyu mzigo hajafa tu? Nimekuja na njaa yangu ya ubwabwa." Mama naye, bila kugeuka kwenye jiko, anajibu kwamba wamekwisha kununua sanda ya Msagara ila imekuwa fupi. Alikwisha kumzika mama mara nyingi kwa maneno, na mimi pia, na Shabani, na hata paka. Mimi nikimpa shikamoo yake alikuwa akijibu, "Marahaba, kamzigo." Abiria wageni walikuwa wakishtuka, hasa wale Wasukuma walioanza kuingia na ng'ombe wao wakati ule na hawajajua mambo ya huku. Sisi tuliishi kwa matusi yale. Siku treni ilipochelewa, mama alikuwa akichungulia reli huku anasema ati anachungulia mvua.

Katika chumba cha uani alipanga mwalimu wangu wa fizikia, Mwalimu Mapunda, kijana mwembamba aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, kule kwenye theluji, na kupangiwa Kilosa. Alikuwa ameanza kusomea nyota, na masomo hayo yakakatika katikati, sijui kwa nini, hakupenda kuulizwa. Alikula kwetu. Baada ya magharibi mama alikuwa akipakua ugali na mlenda, mwalimu anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na umeme ukikatika, kama ulivyokuwa ukikatika, nyota zote zinajitokeza juu ya milima, naye anasahau kula. Hapo ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza jambo ambalo nimelibeba maisha yangu yote. Alisema sayari iliyo karibu na jua hukimbia, na iliyo mbali hujikokota, kwa sababu mvuto wa jua hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Basi na nyota katika galaksi zingefanya vivyo hivyo, za pembeni zijikokote. Walipozipima wakakuta hazijikokoti. Za pembeni zinakimbia sawasawa na za ndani, kwa mwendo ambao ungepasa kuzitupa nje kabisa, na hazitupwi. Kuna kitu kinazishika. Hakiwaki, hakizuii mwanga, hakuna darubini iliyokiona, na ni kingi kuliko vyote tunavyoviona.

Mama, aliyekuwa anakwangua sufuria, alimuuliza wanajuaje basi kama hawajakiona. Mwalimu akafikiri, akamwambia: "Mama, treni ya mizigo ikipita hapo nyuma na mabehewa yamefungwa, wewe unajuaje kama yana mzigo?" Mama akajibu mara moja kwamba mataruma yanazama na vikombe vyake vinalia kwenye rafu. Mwalimu akapiga kofi kwenye paja lake, akasema hivyo ndivyo wanavyojua. Mama alifurahi sana. Kwa siku kadhaa alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba mbinguni kuna mabehewa yaliyofungwa.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa mchana, mvua za masika zimekatika, kibanda kimejaa. Mimi nilikuwa nimetoka shule nasuuza vikombe. Mzee Chilewa alifika mlangoni, akainama kama kawaida, lakini hakuingia. Alikuwa ameshika kofia mkononi. Akasema: "Mizigo nyie, chinjeni kuku. Shabani wenu nimeshamzika Ruhembe." Watu wakaangua kicheko, na mama akacheka kuliko wote, kwa sababu ilikuwa muda mrefu Mzee Chilewa hajamtaja Shabani na yeye alikuwa na kiu ya kusikia jina lile likitajwa na mtu yeyote. Akamjibu kwamba na yeye wangemzika zamani, shida ni nani atachimba shimo la kutosha tumbo lile. Kicheko kikazidi. Mzee Chilewa alisimama. Namwona hata sasa alivyosimama, kichwa kimegusa bati. Kisha naye akacheka, au alifungua mdomo kama mtu anayecheka. Mama alimsogezea sahani ya ubwabwa na maharage, naye akasema tumbo linamsumbua, akarudi stesheni bila kula. Mama akasema, Msagara kukataa chakula, kweli dunia imekwisha, na watu wakacheka tena.

Kuanzia hapo Mzee Chilewa hakufika tena kibandani. Treni ilifika, bendera tuliziona kwa mbali, yeye hatukumwona. Mama alisema amekasirishwa na ile ya tumbo, kisha akasema mtani hakasiriki, kisha akaacha kusema. Badala yake ikaanza kuja sukari. Mchukuzi wa stesheni aliileta mara ya kwanza, kifuko cha nguo kilichoshonwa mdomo kwa uzi wa katani, akasema kimetoka kwenye treni ya tawi, kimeandikiwa mama wa kibanda cha chai na basi. Hakina jina la aliyetuma. Mama alikifungua juu ya meza, akachovya kidole, akalamba. "Ruhembe," akasema, kana kwamba sukari ina kabila. Akafunga mlango wa kibanda mchana ule, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya sikukuu, akakaa kwenye kitanda cha Shabani na kile kifuko mapajani.

Vikawa vinakuja. Mama hakuitumia sukari ile kwa biashara. Wateja walikunywa ya dukani. Ile aliimwaga kwenye debe chini ya kitanda, na Ijumaa baada ya kutandika alikuwa akichota kijiko kimoja akinywa chai yake peke yake. Alirudi kuimba. Alimnunulia Shabani shati la mitumba, la mistari, akalitundika kwenye msumari. Alisema lisemwalo lipo, sembuse liliwalo. Mimi nami nilikuwa na furaha yangu, ya aina nyingine kidogo, maana katika majuma yaleyale Mwalimu Mapunda alikuwa ametusimulia habari ya Neptuni. Sayari ya Uranusi ilikuwa ikiyumba, haifuati njia iliyopangiwa kwa hesabu. Mtu mmoja akakaa na karatasi, hakushika darubini hata kidogo, akasema ikiwa Uranusi inavutwa upande huu kiasi hiki, basi kuna sayari nyingine hatuijui, nayo lazima iwe pale. Wakaielekeza darubini pale. Ilikuwa pale. Mimi nilikuwa msichana wa kibanda cha chai na sijawahi kusikia kitu kizuri kama hicho. Nililala nikiwaza kwamba akili peke yake inaweza kumfikia mtu aliyejificha na kumshika mkono.

Basi nikaifanyia hesabu ile sukari. Vifuko vilikuja na treni ya tawi tu. Vilishonwa kwa nguo ya kijani, nzito, iliyofifia kwa jua, na siku moja nilipokuwa nakikunja kimoja nikaitambua: ni nguo ya bendera ya reli. Mkata miwa hapati nguo ile. Anayeipata ni mtu wa reli, na watu wa reli ya tawi wanakaa Mikumi. Kwa hiyo Shabani hayuko tena Ruhembe. Shabani amepata kazi ya reli, yuko Mikumi, anasubiri asimame vizuri ndipo aje. Nilimweleza mama nikiwa nimepanga vifuko mezani kama mwalimu wa kweli. Mama alinitazama, akaweka mikono yote miwili kichwani, akasema mwanangu yuko reli kama babu yake. Sijilaumu kwa hilo na wala sitaki mtu anionee huruma. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Mtu wa reli alikuwepo, na alikuwa Mikumi.

Jioni hiyo nikiwa naosha vyombo niliwasikia wakizungumza nje, mama na mwalimu. Mama alikuwa anamwambia kwa fahari kwamba binti yake amempata mtu kwa hesabu, kama wale wazungu na sayari yao. Kisha nikamsikia mwalimu akisema taratibu kwamba ile hadithi ina ya pili yake, na kwamba darasani hakuisema kwa sababu kengele ililia. Utaridi, sayari iliyo karibu kabisa na jua, nayo ilikuwa ikiyumba. Mtu yuleyule aliyeipata Neptuni akasema, basi ipo sayari nyingine ndogo karibu na jua, inaivuta. Wakaipa jina. Wakaitafuta miaka na miaka, na wapo walioapa kwamba wameiona. "Haikuwepo, mama," akasema. "Utaridi iliyumba kweli. Ila hapakuwa na kitu pale. Kilichokosewa ilikuwa ile kanuni yenyewe waliyoitumia kuhesabu." Mama akamuuliza kuhusu kile cha kwenye galaksi, ni hadithi ya kwanza au ya pili? Mwalimu akasema hakuna ajuaye. Mama akasema, kwa sauti yake ya kufunga biashara, kwamba yeye ana debe la sukari chini ya kitanda, na hizo galaksi hazijaletewa kitu. Nilimchukia mwalimu usiku ule. Niliona ni mtu aliyeshindwa masomo yake na sasa anataka wote tushindwe.

Mama alinituma mimi. Yeye hakutaka kwenda mwenyewe, alisema Shabani akimwona atadhani ameletewa kilio, lakini dada mtu hana makuu. Alinifungia shati lile la mistari kwenye kanga. Nikapanda treni ya asubuhi, na gadi siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Tulipita mbugani, nyani wamekaa kando ya reli kama watu wanaosubiri kupunguzwa kazini, nami nilikuwa najizoeza maneno nitakayomwambia kaka yangu. Mikumi wakati ule ilikuwa inachangamka, malori ya barabara kuu yamepangana, vibanda vya chipsi vimechomoza kila mahali, muziki wa Zaire unagombana na matangazo ya redio. Niliuliza kota za reli. Niliuliza kijana anayeitwa Shabani, mpya, fundi, mrefu wa wastani. Hakuna aliyemjua. Mama mmoja aliyekuwa anaanika mahindi akaniambia, kama natoka Kilosa, basi nikamuulize Mzee Chilewa, mlango wa mwisho, leo yuko mapumziko anaumwa.

Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda cha kamba, jiko la mafuta ya taa, kalenda ya kanisa. Ukutani zilining'inia bendera mbili. Nyekundu ilikuwa nzima. Ya kijani ilikuwa imekatwa karibu yote, kimebaki kipande kwenye fimbo, na juu ya kitanda palikuwa na sindano ya kushonea magunia, uzi wa katani, na kifuko ambacho hakijafungwa mdomo. Nilisema shikamoo. Mzee Chilewa alikuwa amekaa, akanitazama, akatazama kanga yangu. "Marahaba, mwanangu," akasema. Hakusema kamzigo. Nikakaa sakafuni, kanga mapajani.

Aliniambia yote bila kunificha. Ilikuwa homa, malaria ya kupanda kichwani, kwenye kambi ya wakata miwa, na watu wa kambi walipomtafuta mtu wa Kilosa wa kuwasaidia wakampata yeye kwenye treni. Alipofika Shabani alikuwa hatambui mtu. Alimzika yeye pamoja na vijana wa kambi. Shabani alikuwa na sukari katika sanduku lake, amemwekea mama, kidogokidogo. Hiyo ndiyo iliyoanza kuja. Ilipokwisha, mzee akawa ananunua. Nikamuuliza kwa nini hakusema, na akaniangalia kwa macho ya mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo mpaka likachakaa. "Nilisema," akajibu. "Nilikuja nikasema, mkacheka. Mimi na mama yako, tangu tujuane, sijawahi kumwambia neno la kweli kwa uso wa kweli. Sikuwa na mdomo mwingine. Nilidhani nikisema vilevile atasikia kwamba safari hii siyo. Halafu akacheka, na alicheka kwa furaha, mwanangu. Ningelirudiaje?"

Hakuna aliyekosea hesabu, ndivyo ninavyowaza leo. Mama alisikia neno la mtani akalipima kwa kanuni ya utani, na kanuni ile ilikuwa imetufaa miaka yote, kwenye kila neno, isipokuwa moja. Lakini siku ile sikuwaza hivyo. Nilimpiga. Nilimpiga mzee wa watu kwa ngumi zangu kifuani, naye akakaa tu akipigwa, mpaka nikachoka nikalaza kichwa palepale nilipokuwa napiga.

Nilimwambia lazima aje mwenyewe. Akasema anajua. Treni ya kwanza iliyorudi Kilosa asubuhi ya pili yake tuliipanda wote wawili, tukakaa katika behewa la gadi mkiani, shati la mistari liko katikati yetu. Mama alikuwa anamimina chai. Alituona tukivuka reli, na kwanza uso ulimchangamka kwa kumwona mtani wake baada ya muda wote ule. Nilimwona anatengeneza tusi mdomoni. Mzee Chilewa aliinama mlangoni akavua kofia. "Habari za asubuhi, mama Shabani," akasema.

Mama aliweka birika chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuamka. Hata wageni walisikia kwamba kuna kitu hakikutajwa.

"Nitukane," mama akasema.

Mzee Chilewa akatazama chini.

"Chilewa. Nitukane, baba. Nitukane kama siku zote."

"Siwezi, mama Shabani."

Mama hakupiga yowe. Aliuliza kama mtoto wake alioshwa. Mzee Chilewa akasema alioshwa, alimtafuta mwalimu wa madrasa kutoka Kidodi, akaoshwa na kuswaliwa. Mama akauliza kama jina lake lilitajwa lote, la kwake na la baba yake. Akasema lilitajwa lote. Mama akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kisha akaingia uani, na kelele aliyoitoa huko sitaiandika.

Tuliweka matanga nyumbani, na sukari yote ya debe ilikwenda kwenye chai ya waombolezaji. Kwa desturi Mzee Chilewa ndiye aliyepaswa kututania, na alikaa pembeni ya jamvi hawezi kufungua mdomo, akawa mtani bubu, watu wakimtazama vibaya. Ni mama aliyemfungua. Siku ya arobaini alimpelekea kikombe kwa mkono wake, akamwambia, "Kunywa, mlafi we. Kimekutosha?" Mzee akalia mpaka chai ikamwagika. Kuanzia hapo wakaendelea kutukanana miaka mingi, na mama alipofariki yeye ndiye aliyeiga msibani jinsi alivyokuwa akichungulia treni na kusema anachungulia mvua. Mwalimu Mapunda hakumaliza mwaka. Mshahara haukumtosha, akaenda Dar kuuza vipuri vya magari, na siku anaondoka alinigawia vitabu vyake vya nyota. Mimi nikawa mwalimu wa fizikia mpaka nikastaafu. Kila mwaka niliwafundisha Neptuni na Utaridi katika kipindi kimoja, kengele ilie isilie. Kile kitu cha kwenye galaksi bado hawajakiona. Mjukuu wangu hunisomea kwenye simu: wamechimba mashimo marefu chini ya milima, wameweka matangi, wanasubiri kitu kigonge. Nawaonea huruma, wallahi. Najua hali ya mtu anayekaa na vifuko mezani, kila kitu kinavutwa, na hajui bado kama kuna mtu pale au ni kanuni yake ndiyo imemsaliti.

Nilifika Mikumi kabla ya maziko. Nilikuwa nimeshona kifuko cha kijani kwa uzi wa katani, nikatia sukari ndani, nikasema nitamrudishia mwenyewe, watu wacheke. Turubai lilikuwa limejaa. Tabu aliponiona akapiga kelele kwamba mzigo umeshushwa, na wote wakageuka kungoja vituko, kwa sababu nasifika kwa kazi hiyo. Baada ya kufukia nilisimama mbele yao na kifuko mkononi. Nilikuwa nimeandaa mengi, ya tumbo, ya bendera, ya kofia. Nilichojisikia nikikisema ni kingine. "Wasagara nyie," nikasema, "chinjeni kuku. Mzee wenu nimeshamzika."

Wakacheka wote. Walicheka kwa furaha, Tabu amejishika mbavu, wajukuu wanapiga makofi. Nami nilikuwa nimelisema kwa maana yake yote, nimelisema kama mtu anayekata roho, na palepale nikaona kwamba sina mdomo mwingine wa kulirudia. Nikafungua mdomo kama mtu anayecheka. Wakanisogezea sahani ya ubwabwa, imejaa, na nyama juu. Nikawaambia tumbo linanisumbua.